Kazi ya Wawili, Jina la Mmoja

Uliza kwenye kijiwe chochote cha Kakola, mji mdogo uliokua ubavuni mwa mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu mkoani Shinyanga, kazi ya mwanamume katika familia ni ipi na ya mwanamke ni ipi. Hutasubiri jibu. Mwanamume ni kichwa cha nyumba, yeye ndiye mtafutaji. Mwanamke ni mlezi, mahali pake ni jikoni na kwa watoto. Dereva wa bodaboda atakwambia hivyo, muuza mitumba atakwambia hivyo, na mama lishe aliyeamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa chapati naye atakwambia hivyo hivyo, ingawa sare na madaftari ya watoto wake yametoka kwenye chapati hizo. Jibu hilo halitolewi kama maoni ya mtu. Linatolewa kama jambo lisilohitaji shahidi.

Mimi nataka kulitafutia shahidi. Sina nia ya kuwaumbua wanaolitoa, maana wengi wanalitoa kwa moyo safi. Ila naamini wazo la jukumu, tunalolitumia kila siku tunapozungumzia mume na mke, limebebeshwa mambo mawili yasiyofanana, na kuyachanganya kumewagharimu watu wa ukanda huu nyumba, mashamba, na wengine roho zao.

Tazama kwanza kazi inavyofanyika. Kwenye mialo ya wachimbaji wadogo, iwe pembezoni mwa Bulyanhulu au kule Nyarugusu na Mgusu upande wa Geita, jiwe likishatoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, mara nyingi huingia mikononi mwa wanawake. Mwanamke ameketi chini, miguu ameinyoosha, jiwe pana limelazwa mbele yake. Juu yake ameweka kipande chenye dhahabu, amekizungushia pete ya mpira wa tairi kisiruke, anagonga kwa nyundo mpaka kiwe changarawe na changarawe iwe unga. Vumbi limemkaa kwenye kope. Unga huo unachekechwa, unamwagiwa maji juu ya ubao ulioinama uliotandikwa magunia, na kinachonasa kwenye magunia kinakung'utwa ndani ya beseni, kikandwe na zebaki kwa mikono mitupu. Mtoto yuko mgongoni muda wote huo. Palipofika karasha, yaani mashine za kusaga mawe, nyundo zimepungua, lakini kuchekecha, kuosha na kurudia marudio, yale mabaki yaliyokwisha kuoshwa, bado ni kwao. Jioni mama huyu hupita kisimani, hupita gengeni, kisha huinama mbele ya mafiga.

Kazi hiyo hiyo ikifanywa na mwanamume huitwa utafutaji. Ikifanywa na mwanamke, husemwa anamsaidia mumewe. Na kama hana mume, husemwa anahangaika.

Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Akiwa mwanafunzi Makerere katika miaka ya 1940 aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 linasema waziwazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, hata siku za sikukuu, huku wanaume wa vijijini wakiwa likizo nusu ya maisha yao. Hayo ni maneno ya chama tawala, yamesomwa shuleni na kuimbwa na kwaya kwa miongo. Hakuna aliyeyapinga. Na hakuna mjane aliyepata shamba kwa sababu ya maneno hayo. Tangu nilipoanza kulifikiria jambo hili, ukimya huo ndio unaonisumbua: inakuwaje jamii nzima ikubali kwamba fulani ndiye anayefanya kazi zaidi, kisha isione kwamba kukubali huko kunadai kitu?

Wapo watakaosema upo mpaka wa kweli, na mpaka huo ni mdomo wa duara. Katika machimbo mengi ya Shinyanga na Geita mwanamke hakuruhusiwa kushuka shimoni, na akiwa katika siku zake hata kulisogelea shimo kulileta ugomvi, kwa imani kwamba dhahabu itakimbia. Ni rahisi kuuita huu ushirikina wa vijijini na kupita. Lakini Bunge la Uingereza liliwapiga marufuku wanawake chini ya migodi kwa sheria ya mwaka 1842, na hoja zilizotolewa zilikuwa heshima ya mwili wa mwanamke na nyumba kukosa mwangalizi. Mwaka 1935 Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba Namba 45 wenye katazo hilo hilo, safari hii kwa hoja ya kumlinda mwanamke, na mkataba huo ulifutwa mwaka 2024 tu. Mizimu, maadili, ulinzi: sababu tatu zisizofanana, katazo moja. Sababu zikibadilika na hukumu ikabaki palepale, mtu mwenye kufikiri ana haki ya kushuku kwamba hukumu ilitangulia, na sababu ziliitwa baadaye zije kuitetea.

Leo, ndani ya mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001 na ambao kazi yake yote ya kuchimba iko chini ya ardhi, wako wanawake wanaoshuka na kuendesha mitambo mizito. Dhahabu haijakimbia. Na mpaka huo ulipovukwa, ukanda huu haukutetemeka. Baba mwenye binti opereta huwaambia majirani kwa fahari.

Ukiangalia vizuri utaona mipaka ya kazi huvukwa hapa kila msimu. Zikivuma habari za rashi, yaani mbio za dhahabu mpya, kwamba huko porini mtu kachota, wanaume hufunga mizigo. Mmoja hukaa miezi mitatu, mwingine mwaka. Nyuma yake mke ndiye anayeamua pamba ipaliliwe lini, ng'ombe yupi auzwe, mgonjwa apelekwe zahanati au hospitali ya wilaya. Akirudi mume, cheo kinarudi kwake siku hiyo hiyo, hata kama amerudi na viatu vilivyotoboka tu. Upande wa Mara, kwa Wakurya, mila yenyewe ilikwenda mbali zaidi: katika nyumba ntobhu, mwanamke asiyepata mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wa mahari na kuoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Wazee waliobuni desturi hiyo walijua kwamba nafasi ya mume ni kiti, na kiti kinaweza kukaliwa na mwenye titi. Walichokuwa wakikilinda ni mlango wa urithi. Aliyeketi kitini hakuwa shida yao.

Hapo ndipo mambo mawili yanapoachana. Jukumu la kifamilia lina upande wa kazi, yaani nani afanye nini. Lina pia upande wa dai: kazi ikishafanyika, nani anaweza kusimama mbele ya watu na kusema hiki ni changu. Watu wakiulizwa juu ya majukumu hujibu kwa lugha ya kazi. Lakini sijawahi kusikia ukoo umeitisha kikao kwa sababu mwanamke amelima, ameponda mawe, ameswaga ng'ombe au amelipa deni la mumewe. Kikao huitishwa pale anapotaja mali. Kwenye kazi jamii ni laini sana. Kwenye dai ni ngumu kama mwamba.

Kama dai lingefuata kazi, tungekuwa na kanuni nzuri tayari, na ni yetu wenyewe. Mchumia juani hulia kivulini. Methali hii haikuuliza mchumaji ana ndevu au hana. Huko Uingereza, katika karne ya 17, John Locke alijenga juu ya wazo kama hilo falsafa nzima ya umiliki: mtu anaumiliki mwili wake, basi kazi ya mikono yake ni yake, na kitu alichokichanganya na kazi hiyo kinakuwa na fungu lake. Wakosoaji wa Locke wamesema, na wana haki, kwamba hesabu hiyo ni ngumu pale wengi wanapochangia kitu kimoja kwa namna tofauti. Mmoja ametoa ardhi, mwingine fedha, mwingine nguvu. Utawapimaje kwa kipimo kimoja?

Wachimbaji wadogo wa ukanda huu walishalijibu swali hilo, wala hawakuhitaji chuo kikuu. Mawe yakitoka shimoni hugawanywa kwa mifuko. Mwenye leseni ana mifuko yake. Mwenye duara, aliyegharamia magogo ya kushikilia kuta, pampu, chakula na baruti, ana mifuko yake. Wachimbaji wana yao, na mwenye shamba hasahauliki. Hakuna anayesema kwamba mwenye shamba, kwa kuwa hakushika nyundo, alikuwa anasaidia tu. Hakuna anayemwambia aliyeleta maharage na unga, mfadhili wa duara, kwamba chakula si mchango. Chakula cha wachimbaji ni mtaji, kinaandikwa kwenye daftari na kinakatwa kabla ya mgao. Pale juu ya duara, wanaume wa Bulyanhulu, Kahama na Geita wana elimu ya haki ya mchango iliyokomaa kuliko wanavyojijua.

Elimu hiyo inaishia mlangoni mwa nyumba. Chakula kile kile alichopika mke, kilichomtia mchimbaji nguvu ya kushuka asubuhi, hakipo kwenye daftari lolote.

Hata sheria iliandikwa hivyo. Mwaka 1963, muda mfupi baada ya Uhuru, Tanganyika ilitangaza sheria za mila zilizounganishwa kutoka makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba. Hans Cory, aliyekuwa ameandika juu ya sheria na mila za Wasukuma katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953, ni miongoni mwa waliozifanyia kazi mila za namna hiyo. Katika kanuni za urithi, watoto wa kike wamewekwa daraja la mwisho, na ardhi ya ukoo binti anaweza kuitumia maisha yake yote, kuiuza hawezi. Kuhusu mjane, kanuni inasema hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza wao.

Isome taratibu. Haisemi kwamba mjane hakufanya kazi. Inakiri kwamba alitunza. Inachofanya ni kuichukua kazi yake na kuitoa ndani ya mali, kisha kuiweka kama deni la hisani juu ya mtoto. Deni la haki hulipwa hata mdaiwa asipopenda. Deni la hisani hulipwa mtoto akiwa na moyo, akiwa hai, akiwa na mke mwelewa, akiwa hakwenda rashi ya mbali akapotelea huko.

Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo baada ya matanga anaujua mpangilio wake. Wanaume wako kwenye viti na magogo, wanawake kwenye mkeka upande wa jiko. Shemeji mkubwa anasimama, anataja vitu kimoja kimoja: kiwanja, pikipiki, mashine ya kusaga, ng'ombe walioko kwa mjomba. Mjane anaijua bei ya kila bati la nyumba ile, kwa sababu nusu ya mabati hayo ni ya vitumbua vyake. Haulizwi hilo. Anaulizwa jambo moja: hati ya kiwanja umeiweka wapi?

Mgala muue na haki yake mpe. Upande wa wanaume una hoja nzito, na ya kwanza ni hatari. Mwaka 2015, wilayani Kahama, shimo la Nyangarata liliporomoka na wachimbaji watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wameishi kwa kula wadudu na mizizi. Wengine wengi hawakutolewa hai mahali pengine. Mtu anayeingia gizani kila siku akijua kwamba magogo yale yanaweza kukatika ana haki ya kusema kwamba mali ile imelipiwa kwa uhai wake. Nalikubali hilo bila kupunguza neno. Lakini tulifuate hadi mwisho. Kama hatari ndiyo inayozaa dai, kaka wa marehemu ambaye hajawahi kushuka hata kipimo cha kamba moja anarithi kwa hatari ipi? Na mwanamke aliyeingia chumba cha kuzaa mara sita, katika mkoa ambao zahanati nyingi ziko mbali na hospitali kubwa, hatari yake iko kwenye daftari gani? Anayeitumia hoja ya hatari kwa uaminifu ataishia kumpa mjane fungu kubwa na shemeji fungu dogo. Kwa kuwa haishii hapo, hatari haikuwa msingi wa dai. Ilikuwa heshima kwa marehemu, nayo ni heshima anayostahili.

Hoja ya pili ni ya ukoo. Ardhi ni ya waliokufa na watakaozaliwa. Mjane akiolewa kwingine ataipeleka kwa watu wengine. Kwa shamba la babu, lenye makaburi na miti iliyopandwa na wahenga, hoja hii ina uzito wa kweli, na sidhani inajibiwa kwa kupuuzwa. Ila kiwanja kilichonunuliwa Kakola kwa fedha ya mifuko kumi ya mawe hakina babu. Kilinunuliwa na watu wawili waliokuwa hai. Kukiita mali ya ukoo ni kuazima utakatifu wa makaburi ili kufunika tamaa ya ndugu walio hai, na hapo mila haitukuzwi, inatumiwa.

Hoja ya mahari nitaipitia haraka. Wapo wanaosema nimemtolea ng'ombe, basi kazi yake ni yangu. Wazee wa Kisukuma wenyewe hukasirika ukiwaambia kwamba ng'ombe ni bei ya mtu. Watakwambia ng'ombe hufunga undugu wa nyumba mbili. Nawaamini. Basi kama hakuna kilichonunuliwa, kazi ya mke haikununuliwa.

Inayonipa shida zaidi ni hoja ya nne: wanawake wenyewe wanakubali. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na viashiria vya malaria wa 2015–16 uliwauliza watu kama mume anayo haki ya kumpiga mkewe kwa sababu yoyote kati ya zilizotajwa, kwa mfano kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Asilimia 58 ya wanawake walikubali. Kwa wanaume walikuwa asilimia 40. Hayo yalisemwa miaka zaidi ya 40 baada ya Sheria ya Ndoa ya 1971 kueleza, katika kifungu cha 66, kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Mtu anaweza kuzitazama takwimu hizo akasema: basi, wenyewe wameridhika, sisi ni nani?

Naona kinyume chake, na sababu iko ndani ya ile kanuni ya mjane. Mwanamke ambaye fungu lake la uzeeni ni kutunzwa na mtoto wa kiume ana kila sababu ya kulinda mamlaka ya mtoto huyo. Mkwe wa kike akidai nusu ya nyumba, anadai nusu ya bima ya uzee ya mama mkwe. Ndiyo maana katika vikao vya urithi sauti kali dhidi ya mjane mara nyingi hutoka kwenye mkeka wa wanawake. Tukiita sauti hiyo maoni ya wanawake, tumesahau kuuliza kila mmoja wao amesimama juu ya nini. John Stuart Mill aliandika mwaka 1869 kwamba hatuwezi kujua asili ya wanawake kwa kuwatazama wakiwa katika hali waliyowekwa tu. Mimi ningeongeza: wala hatuwezi kujua ridhaa yao, mpaka kukataa kusiwe na gharama ya kulala nje.

Kuna gharama nyingine, na Shinyanga inaijua vibaya. Kwa miaka mingi vikongwe wa kanda hii wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na alama iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Macho hayo yameiva kwa moshi wa kuni, mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, katika eneo ambalo miti imepungua sana. Mwanamke amepewa jiko kuwa kazi yake. Jiko limemtia alama. Alama imekuwa ushahidi wa kumwua. Na waliochunguza mauaji hayo, pamoja na watetezi wa haki za binadamu, wamekuta mara kwa mara ugomvi wa shamba na urithi nyuma ya tuhuma. Kikongwe mjane ni mtu aliyekaa juu ya ardhi ambayo kila mtu ameambiwa si yake.

Wanaume nao hawatoki salama katika mpangilio huu. Ukimwambia mtu tangu utoto kwamba uanaume wake ni kuleta, siku asipoleta hana pa kusimama. Wapo waliokwenda rashi wakakosa, wakaona haya kurudi mikono mitupu, wakahamia rashi nyingine na nyingine mpaka watoto wakakua bila kuwajua. Ofisi za ustawi wa jamii hupokea kesi za familia zilizotelekezwa na kuziita uzembe, na nyingi ni uzembe kweli. Lakini baadhi ni aibu ya mtu ambaye hakufundishwa kwamba mume anaweza kuwa mume bila kuwa na kitu mfukoni. Aliyepewa dai lote amebebeshwa pia hofu yote.

Mahakama zetu zimeligusa jambo hili kwa mikono miwili inayovutana. Mwaka 1983, katika shauri ambalo wanasheria wote wanalijua kwa jina la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa, zihesabiwe ndoa ikivunjika. Mwaka 1990, Mwanza, Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kwa masharti yale yale ya mwanamume. Kisha wajane wawili wakaenda Mahakama Kuu kupinga kanuni zile za mwaka 1963. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, ikakataa kuzifuta, kwa hoja kwamba mila ni vigumu kubadilishwa kwa tamko la mahakama. Mwaka 2010 rufaa yao ilitupwa kwa kasoro ya nyaraka. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema haki zao zilivunjwa.

Ziweke hukumu hizo pamoja uone zinachosema. Mke aliyeachika, kazi yake ya nyumbani inahesabiwa. Mke aliyevumilia, akauguza, akazika, akishikwa na sheria ya mila anaambiwa atatunzwa na watoto. Uaminifu hadi kaburini umemwacha na haki ndogo kuliko talaka ingempa. Sijui mzee yeyote wa Kisukuma, anayeheshimu ndoa kama wanavyoiheshimu wazee wetu, ambaye akiwekewa jambo hili wazi atasema ndivyo alivyokusudia.

Kwa hiyo sitawaomba wanaume wa Kakola waingie jikoni. Wengine wameshaingia, wengine wataingia maisha yatakapowasukuma. Kazi hujipanga yenyewe. Hata usemi kwamba mwanamume ni kichwa cha nyumba sitaugombea leo. Ninachogombea ni dai, na dai halingoji mawazo ya watu yabadilike, kwa sababu linaandikwa.

Wewe mwenye kiwanja Kakola, Bugarama, Lunguya au Nyarugusu, nenda ofisi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imezibatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila ina nafasi ya majina mawili. Ukikwama, baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na sheria inataka angalau watatu wawe wanawake. Usiseme kuandika wosia ni kujichulia. Waandikao wosia hawafi mapema kuliko wengine, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, inauhifadhi. Ukishagawa mifuko ya duara kwa haki mbele ya wenzako, jioni hiyo hiyo chukua daftari lako, uandike na jina la mwenzio aliyekupikia chakula ukashuka.